Rilei Isiyopiga Kelele Siku ya Sabato

Nimesuka nyaya za mota miaka mingi karibu na soko la Daraja Mbili, Kisii, na watu huja kuniuliza rilei, yaani kile kifaa cha kuwasha na kuzima mota, huchaguliwaje. Huwa nawajibu kwa sura ya mtu mzima: tazama ampea, tazama volti, tazama joto. Siwaambii kwamba rilei ya kwanza niliyoifunga nyumbani kwetu niliichagua kwa sababu moja tu, nayo ni kumdanganya mama yangu.

Mama anaishi upande wa Sironga. Boma letu liko juu ya mteremko, chemchemi iko chini kabisa, na katikati kuna majani chai, migomba na kijia chembamba ambacho mvua ikinyesha hakipitiki. Msimu wa mvua uliopita aliteleza hapo akiwa na mtungi wa lita ishirini. Hakuvunjika popote. Alikaa kwenye matope akijicheka hadi jirani yetu akamsikia. Jirani huyo ni mama mwema, ila habari haikai kwake hata dakika tano, na kabla mama hajanawa miguu, kaka yangu mkubwa aliyeko Nakuru alikuwa ameshapigiwa simu.

Kaka akanipigia mimi. "Nikisikia tena Mama ameshuka na mtungi, nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, na hiyo ng'ombe mtaiuza."

Nilipompelekea mama ujumbe huo, alicheka. "Nakuru nikafanye nini? Nikae kwenye kochi nisubiri ndizi za kununua?" Lakini nilimwona hakumaliza chai yake, na mama yangu si mtu wa kuacha chai kwenye kikombe. Nikamwambia asihofu, mimi ni fundi, maji yatapanda yenyewe.

Nikanunua pampu yenye mota ya nguvu farasi mbili, nikaiweka chini kwenye chemchemi. Nikafukia waya mteremko mzima, nikapandisha bomba hadi kwenye tangi dogo nyuma ya jikoni. Ndani ya tangi niliweka boya: maji yakishuka boya linawasha mota, yakijaa linaizima. Kazi ya kuwasha na kuzima niliipa kontakta, swichi inayovutwa na sumaku, nikaifunga sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kando yake nikaweka swichi nyekundu ya kukata stima ya pampu yote. Chini kule mota ingenguruma itakavyo. Kati yake na nyumba kuna mikaratusi na mlio wa kijito, husikii kitu. Nilijisifu mpaka aibu.

Sabato ya kwanza, mama alikuwa amekaa sebuleni na jirani na akina mama wawili wa kanisa, wamefumba macho, wanaomba. Mtu jikoni akachota maji. Kontakta ikalia pa! juu ya kabati, mlio wa kofi kabisa. Jirani akafungua macho katikati ya sala. Maji yakajaa, kontakta ikapiga tena. Wageni walipoondoka, mama akaniita.

"Nani anafanya kazi nyumbani kwangu siku ya Sabato?"

"Ni mota tu, Mama."

"Amri inasema nipumzike mimi, wapumzike watoto wangu, mtumishi wangu na mnyama wangu. Hii mota ni nani hapa nyumbani? Ni mtumishi au ni mnyama?"

"Ni chuma, Mama."

"Ni chuma kinachofanya kazi."

Mimi pia ni Msabato, ingawa wa benchi la nyuma karibu na mlango. Tangu Ijumaa iliyofuata, kabla jua halijatua, mama alipanda kwenye kigoda na kuizima swichi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Kama stima ingekuwa mtu wa kuaminika, tusingepata shida. Tangi lingejazwa Ijumaa, likatosha. Lakini Ijumaa hiyo stima ilipotea mchana kutwa na kurudi jua limezama, na tangi likaingia Sabato likiwa nusu. Kufika saa sita wageni walikuwa wamelimaliza.

Watu tunaweza kuvumilia. Ng'ombe wa gredi, wa maziwa, aliyefungiwa bandani havumilii. Hapo mama akatoa hukumu yake: kumnywesha ng'ombe siku ya Sabato ni rehema, na rehema inaruhusiwa. Pampu hairuhusiwi. Akachukua mtungi, akajifunga leso kiunoni, akaanza kushuka. Nilimkimbilia, nikamnyang'anya mtungi, nikashuka mwenyewe na suruali yangu ya kanisani, mara tatu. Bahati nzuri jirani alikuwa amelala. Lakini mimi hukaa mjini, siwezi kuwa pale kila Sabato, na nilijua kitakachotokea siku nisipokuwepo: mama atashuka, jirani ataona, Nakuru itasikia.

Nikawaza siku tatu. Tatizo, nikajiambia, si mota kufanya kazi. Tatizo ni mama kuisikia.

Jumatano nikaenda kwenye duka la vifaa vya stima mjini Kisii. Mwenye duka ni mama mmoja aliyevaa miwani kwa kamba, na mkononi ana bisibisi ya kupimia stima hata anapohesabu chenji. Nikamwambia nataka rilei ya solid state, zile zisizo na kitu kinachosogea ndani.

"Ya kuwasha nini, fundi?"

"Mota ya farasi mbili. Pampu."

"Kontakta imekukosea nini?"

"Inapiga kelele."

Alinitazama juu ya miwani. "Mota yenyewe je, haipigi kelele?"

"Hiyo iko mbali, madam."

Akashusha boksi. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika ile ya ampea ishirini na tano, maana mota yangu inavuta kumi na moja hivi, na nikaona nimejipa nafasi ya kutosha. Akaninyang'anya. "Kumi na moja ni ikishatulia. Inapoanza inavuta mara sita ya hiyo. Wewe unasuka mota, nikufundishe mimi?" Akaweka mbele yangu ya ampea arubaini. Akaigeuza nisome volti: mia nne themanini. Akasema nisithubutu kuchukua ya mia mbili arubaini, kwa sababu mota ikizimwa hurusha teke la volti kwenye waya na rilei ndogo hufa kwa teke la kwanza. Upande wa kuiamrisha akanichagulia unaotumia volti ndogo, kumi na mbili tu, ili boya lililo ndani ya maji lisibebe stima ya kuua mtu.

Kisha akaleta bamba zito la alumini lenye mapezi. "Kontakta haipati joto hivi. Hii inapata, muda wote mota ikiwa inakwenda. Ifunge kwenye bamba, mapezi yasimame wima, na uiache ipate hewa. Usiifungie kabatini."

"Sawa."

"Bado. Hii ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imewaka. Utaiambia zima, na mota itaendelea. Na hata ikiwa nzima inavuja stima kidogo, usije ukashika waya eti umezima. Kwa hivyo mbele yake weka swichi ya kweli, ya mkono. Umenisikia?"

"Swichi ninayo," nikasema, na hapo sikuwa nimesema uongo. Uongo ulikuja Alhamisi.

Alhamisi nilikwenda nyumbani, nikamwomba mama azime stima ya nyumba nzima. Swichi kuu iko chumbani kwake, pamoja na mita. Marehemu baba alitaka iwe huko ili yeye aamue nyumba nzima inalala saa ngapi. Mama akazima, nami nikaondoa kontakta, nikafunga rilei na bamba lake, nikaambatisha waya vizuri. Kisha nikafanya ile dhambi yenyewe. Stima ya pampu niliipitisha kando ya swichi nyekundu. Swichi ikabaki ukutani na rangi yake na mlio wake mzuri, haikati kitu chochote. Na kwa kuwa mtu akifanya utundu hufanya wote, nilirefusha bomba ndani ya tangi hadi chini kabisa, ili maji yaingie bila mlio wa kuchuruzika.

"Nimeweka kifaa cha kisasa," nikamwambia mama. "Ijumaa wewe zima tu swichi yako kama kawaida."

"Na hii taa nyekundu ndogo?" Rilei ina kitaa, ukubwa wa punje ya mtama.

"Inaonyesha stima iko."

"Aa," akasema mama.

Ijumaa akapanda kigoda, akazima swichi yake. Sabato ilipita kimya kama mama alivyotaka, na tangi lilijaa kama mimi nilivyotaka. Ng'ombe alikunywa mpaka akaacha. Mama alizunguka nyuma ya jikoni, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole kusikia maji yako wapi, akarudi ndani bila neno. Nilirudi mjini nikipiga mluzi.

Jumatano nilipompelekea sukari, nilikuta kifaa changu kimefunikwa. Kwetu kila kitu sebuleni huvaa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, runinga, hata chupa ya chai. Mama alikuwa amekivika kile kifaa kitambaa cheupe, kikubwa, kilichotiwa wanga mpaka kikasimama, chenye maua ya waridi kwenye pindo. Kilifunika rilei, bamba, mapezi, vyote. Fundi mwenye akili angekitoa papo hapo. Mimi nilicheka. Nikajiambia ni afadhali, mtu asipoiona hataiulizia, na nikasahau kila kitu nilichoambiwa dukani juu ya hewa.

Sabato ya pili ya rilei nilikuwepo kanisani. Ulipofika wakati wa shuhuda, jirani yetu akasimama. Alisema ameona kwa macho yake mambo ya ajabu katika boma la dada yake mpendwa. Stima ya pampu imezimwa Ijumaa, yeye mwenyewe akiwa pale, na bado tangi halipungui siku yote ya Sabato. Kanisa likasema amina. Watu wakageuka kumtazama mama. Mama alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, anatafuta wimbo, anageuza kurasa haraka. Niliona ni unyenyekevu. Mimi nilikuwa nimeshika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili.

Ningesimama siku hiyo, hadithi ingeishia hapo. Sikusimama.

Kijiji kilisikia. Sabato ya tatu watu walianza kuja na mitungi mapema, na kila mmoja aliapa kwamba maji ni ya ng'ombe, kwa sababu ya rehema. Mzee mmoja niliyemwona akibeba mitungi miwili hana hata kuku. Walichota, mota ikapandisha. Walichota tena, mota ikapandisha tena. Chini kule ilikuwa haijapumzika tangu asubuhi, na juu ya kabati rilei ilikuwa inaivia ndani ya kitambaa chake.

Na siku hiyohiyo, bila kupiga simu, kaka akafika kutoka Nakuru. Alikuja na gari kubwa kuliko analotumia siku zote. Alisema amekuja kusalimia tu, lakini nilichungulia dirishani nikaona viti vya nyuma vimekunjwa, kama mtu anayetaka kubeba godoro na masanduku. Mama naye aliona. Alituandalia chakula kilichopikwa jana yake, ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akakaa nasi bila kula.

Kaka alikuwa katikati ya kusema, "Mama, nimefikiri sana," jirani alipopiga kelele nje. "Tangi linafurika!"

Tulitoka mbio. Maji yalikuwa yanamwagika pande zote za tangi, yanapita jikoni, yanaingia bandani kwa ng'ombe. Nilielewa mara moja. Boya lilikuwa limepanda, limetoa amri ya kuzima, na rilei haikusikia. Ilikuwa imekufa kama yule mama wa dukani alivyosema, ikiwa imewaka.

Kaka ni mtu wa vitendo. Alirudi ndani, akaiona swichi nyekundu, akakuta imezimwa. Akaiwasha, akaizima. Akasubiri. Akaiwasha, akaizima tena. Maji yaliendelea.

"Hii swichi imezimwa," akasema. "Sasa pampu inaendeshwa na nani?"

 Sebuleni kulikuwa na harufu ya wanga unaoungua. Nilivuta kile kitambaa, na kwenye maua ya waridi kulikuwa na alama ya kahawia yenye mistari ya mapezi, moja baada ya nyingine.

"Swichi kuu!" kaka akasema, akakimbia ukumbini, nami nyuma yake. Tukafika kwenye pazia la chumba cha mama, tukasimama.

Mgeni atashangaa. Kwetu mwanamume akishatiwa jando haingii chumba wanacholala wazazi wake. Hiyo ni chinsoni, heshima ambayo hakuna anayeuliza sababu yake, na haina ruhusa ya dharura. Kaka ana miaka hamsini, ameongoza ofisi ya watu wengi. Mimi nina miaka arubaini na nne na bisibisi mfukoni. Tulisimama mbele ya pazia jembamba la maua huku nyumba ikioga, na hakuna aliyethubutu hata kulishika.

"Mama!" tukaita pamoja.

Mama alikuwa bandani anamhamisha ng'ombe. Alikuja, sketi yake ya kanisani imelowa hadi magotini, akatupita katikati bila kututazama, akaingia. Tulisikia swichi kuu ikishuka. Jokofu likanyamaza, na baada ya kitambo maji nje nayo yakapungua.

Alipotoka nilikuwa nimekwisha kuanza. Nilisema yote kwa mkupuo, mbele ya kaka na mbele ya jirani aliyesimama mlangoni: rilei niliyoichagua kwa kuwa haipigi mlio, swichi niliyoipita kando, bomba nililolirefusha, muujiza wa kanisani. Nilisema ni mimi, mama hajui lolote, aliizima kila Ijumaa kwa moyo safi. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu utotoni.

Kaka alinitikisia kichwa polepole. "Umemfanya Mama avunje Sabato tatu bila kujua."

"Nilijua," mama akasema.

Alivuta kiti akaketi, maji yanamchuruzika sakafuni. "Kile kitaa huzimika tangi likijaa, na huwaka watu wakichota. Mwanangu aliniambia kinaonyesha stima iko. Nikakitazama siku nzima ile Sabato ya kwanza. Mnaniona mjinga?" Akakitwaa kile kitambaa kilichoungua kutoka mkononi mwangu, akakikunjia mapajani. "Nilikifunika ili wageni wasikione kikiwaka."

 Jirani alishika mtungi wake mtupu akaondoka taratibu.

"Lakini kwa nini, Mama?" kaka akauliza. "Wewe?"

"Ningeizima, ningeshuka na mtungi. Ningeshuka, ungekuja kunichukua." Hakuinua sauti. "Nitamwambia mchungaji mwenyewe, na mbele ya kanisa nitasimama. Nilijua ni dhambi, nikaichagua Sabato tatu, ili nisiende kwako."

 Kaka ananitisha mimi mpaka leo, na siku hiyo niliona macho yake yamejaa machozi, anayapangusa kwa mgongo wa mkono. "Tulikosa nini kwako, Mama?"

"Hamjakosa kitu. Mke wako ananiheshimu, wajukuu wananipenda. Nikiwa kwenu huulizwa kama nimeshiba. Hapa hakuna anayeniuliza, mimi ndiye ninayeuliza."

Kaka aliketi kando yake, sebule imejaa maji.  Nje ng'ombe alikuwa akilia kwa kuwekwa asipopazoea.

Ndipo kaka alipoinuka, akavua viatu vyake vya ngozi, akakunja suruali, akatoka uani. Nilidhani anakwenda kulitazama tangi. Alisimama kwenye matope, ametugeuzia mgongo, akampigia simu shemeji yangu. Nilimsikia akimwambia kile chumba walichokipaka rangi kwa ajili ya Mama, chenye kitanda kipya cha chini na reli ya kushikia ukutani, wampe tu mtoto.